Picha ya Mzee Kondo Isiyo na Sauti

Boko, Dar es Salaam
Jumapili mchana

Baba yangu,

Shikamoo. Naitanguliza mapema kabla hujajua yaliyomo humu, kwa sababu ukishayajua huenda usitake kuiitikia.

Mwajuma, mdogo wangu, wewe ndiye utakayesoma. Kaa upande wa sikio lake la kulia, lile ambalo gobore halikuliharibu, na umsomee polepole. Ukifika mahali ukatamani kuruka kwa kumwonea huruma Baba, au kwa kunionea huruma mimi, usiruke. Ningeweza kupiga simu, lakini mnajua wenyewe kwamba Baba na simu ni kupigiana kelele tu, na haya si mambo ya kupigiwa kelele majirani wakasikia kabla yake.

Goti lako linaendeleaje, Baba? Mama ameacha kukohoa? Mwajuma aliniandikia kwamba ziwa limejaa mpaka maji yameingia kwenye mpunga wa Mjomba Salumu, na kwamba bata wamerudi. Hapo pa bata nilisoma mara tatu. Mimi mwili ni mzima. Sina homa, nakula, nalala mahali pasipovuja. Ila nina upweke. Si ule wa ugeni, unaopungua kadiri mtu anavyozoea njia na majina ya watu. Huo ulishaanza kuniisha, nikajiletea huu mwingine kwa mikono yangu mwenyewe, na barua hii ni ya kukueleza nilivyofanya.

Kwanza nilikudanganya. Nilikuambia kwamba napiga picha za harusi. Picha napiga kweli, lakini si za harusi. Unakumbuka nilipokuwa Kurasini kwenye yadi ya makontena, nikiandika namba zake kwenye karatasi kutwa nzima juani? Siku moja wakaleta droni, kile kidude kinachoruka chenyewe na kamera tumboni. Kilizisoma namba zote kwa muda wa mtu kunywa chai. Nilijua palepale kwamba sina kazi tena. Basi nikajipendekeza kwa fundi aliyekuwa akikirusha, nikambebea masanduku yake, naye akanifundisha. Nilipotolewa pale nilikuwa najua kurusha, na kwa kujua huko ndipo nikachukuliwa na chama kidogo cha watu wanaotetea wanyama, huku Boko.

Boko ni kaskazini mwa jiji, njia ya Bagamoyo. Zamani watu walichimba kokoto huku wakaacha mashimo makubwa. Mvua za masika zikinyesha, mashimo hujaa maji na majani huota kandokando, na bata mwitu huja, walewale wa kwetu wenye uso mweupe wanaopiga mluzi wakiruka. Siku ya kwanza nilipousikia ule mluzi nilisimama njiani kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Palipo na bata, wawindaji hawakosekani, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Nami niliajiriwa kuwapiga picha wawindaji kutoka juu.

Najua hapo umemwambia Mwajuma arudie. Ndiyo, Baba. Mtoto wako alikuwa anawachunguza wawindaji wa bata.

Usimchukie haraka mama anayekiongoza chama hicho. Anaitwa Bi Anna, ni mtu wa Moshi, wa makamo, mwenye sauti ya chini. Nimemwona akikaa sakafuni siku nne na bata aliyevunjika bawa, akimlisha uji kwa bomba la sindano, na bata alipokufa alitoka nje ili tusimwone akilia. Anasema wapo wanaowinda bila vibali, wapo wanaofyatua karibu mno na nyumba za watu, na ndege wengi hujeruhiwa wakaenda kufia majanini bila kuokotwa. Hayo ni kweli. Nimeyaona mwenyewe kwenye kioo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Baada ya swala ya alfajiri napanda juu ya pagala moja, nyumba ya ghorofa iliyoishia kwenye nguzo, mwenyewe hajulikani alipo. Narusha kutoka pale na kuangalia kwenye kioo cha mkononi: nani kaja, kabeba nini, kapiga wapi. Kunguru wa huku wanaichukia droni, wanaifukuza wakiidhania mwewe, na mara mbili nusura waiangushe. Watu wa mtaa wanaiita nyuki kwa mvumo wake. Hawakujua kwamba nyuki huyo analala chini ya kitanda changu.

Nao walimchukia kuliko kunguru walivyomchukia. Nyumba nyingi za huku bafu liko uani, ukuta wa matofali tu, juu hakuna paa. Nyuki akisikika, akina mama wanapiga mayowe, na wengine walianza kuoga na mwavuli. Nakuapia, Baba, sikuwahi kuielekeza kamera kwenye ua wa mtu. Lakini mwavuli niliuona, kwa hiyo hata kiapo changu kina tundu. Wawindaji nao walikasirika. Mmoja, kijana mwenye hasira anayeitwa Shabani, alimpiga nyuki risasi akamkosa, na marisau yakaangukia bati la nyumba ya jirani ambako watu walikuwa wanakunywa chai. Bi Anna akasema: mmeona hatari yao? Wawindaji wakasema: mmeona mlivyotuchokoza? Tangu hapo watu wa chama wakipita sokoni hawasalimiwi. Mimi nilisalimiwa, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba mimi ni wa chama.

Sasa nije kwa Mzee Kondo, maana barua hii ni yake.

Nilipohamia huku nilikaa miezi minne bila mtu kuniuliza nimekula nini. Watu wa Dar wanasalimiana sana, lakini salamu huishia palepale iliposimama. Ijumaa moja, tukitoka msikitini, mzee mmoja mwenye mguu mmoja mfupi kidogo aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Lindi, ndani huko, Rutamba. Akacheka mpaka akashika kofia.

"Nyie watu wa kusini si mnakulaga panya? Bata mtamjulia wapi? Njoo ule."

Nikamwambia sie wa Rutamba bata tunawajua kwa majina ya baba zao. Akacheka tena, tukaenda. Ni Mzaramo, amezaliwa palepale kabla ya nyumba hizi zote, na ndiye mchinjaji wa mtaa: mbuzi wa harusi, wa hitima, wa Idi, wote hupitia mkononi mwake. Mkewe, Bi Mwanaidi, alituletea wali na bata wa nazi kwenye sinia moja, tukala kwa mkono, mimi na mzee, magoti yakigusana. Alikuwa ametia ndimu na pilipili mbuzi kama anavyotia Mama. Nilikula mpaka upande wangu wa sinia ukabaki mtupu.

Tangu siku hiyo kila Ijumaa nilikuwa kwake. Akinitambulisha kwa watu alisema, huyu mwanangu wa Lindi. Nikiugua alikuja na uji. Aliniuliza habari zako, Baba, mpaka akajua ni goti gani linakuuma. Naandika jambo hili lilivyo bila kulipamba: katika jiji lote hili nilikuwa na mtu mmoja.

Na asubuhi za siku nyingine, mtu huyo mmoja nilikuwa namrekodi.

Ana kibali, na bunduki yake ya marisau imeandikishwa serikalini. Nilijiambia kwamba mwenye kibali hana cha kuogopa, na kwamba picha zangu ndizo zitakazomtetea akisingiziwa. Mtu akitaka kujidanganya, maneno hayampungukii. Ijumaa moja tukiwa kwenye sinia akaanza kumzungumzia nyuki. Akasema yule anayemrusha si mtoto wa mjini. Alitoka nyumba ya mwindaji, kwa sababu kila mara huja kutoka chini ya upepo, jua likiwa mgongoni, na bata hawashtuki. Kuna mtu amemfunda, akasema. Mtu huyo ni wewe, Baba. Niliinamia wali nikajifanya natafuta mfupa, na mzee, kwa wema wake, akanisogezea paja.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Mzee Kondo alifyatua mara moja, bata akaanguka kwenye majani mafupi, bawa limevunjika, bado hai. Nilimshusha nyuki nikamkaribia bata. Mzee akaingia majini mpaka magotini, akamwokota, akatoka naye mahali pakavu. Kisu alikificha nyuma ya mgongo. Akageuka kaskazini. Akamlaza bata ubavu, akamfunika macho kwa kiganja, midomo yake ikatikisika, akapitisha kisu mara moja. Kisha akasimama, mikono chini, akangoja mpaka bata aliyekuwa akitapatapa atulie kabisa, ndipo akamgusa.

Kila hatua pale naijua, Baba, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha. Ndege asione kisu. Aelekezwe kibla. Jina la Mungu kwanza. Mkato mmoja, na usimnyonyoe manyoya kabla hajatulia, umpe muda wake. Ulinipiga kofi siku nilipoharakisha, na kofi lile mpaka leo nalishukuru.

Nilipeleka picha ile ya video ofisini. Bi Anna aliitazama bila kupumua, kiganja mdomoni. Yeye aliona mtu anamwendea ndege aliyejeruhiwa na kisu kimefichwa, anamkata koo, halafu anasimama kutazama anavyokufa. Alirudisha nyuma akaangalia tena. Ndipo akaniuliza, na aliniuliza kwa nia safi, kwa sababu anajua mimi ni Mwislamu wa pwani: "Rashidi, wewe hapa unaona nini? Kwa nini anasimama tu?"

Nikamwambia sijui.

Neno moja tu, Baba. Sijui. Nimelitafutia sababu tangu siku ile. Nilikuwa naogopa kazi kuniponyoka, hilo lipo. Lakini ukweli wenyewe ni mdogo na wa aibu zaidi. Kabla ya kuniuliza alikuwa amenishika bega akasema hii ndiyo picha safi kuliko zote tulizowahi kupata, na kwamba nina mkono mtulivu wa ajabu. Ofisi nzima ilinigeukia. Ulikuwa ni muda mrefu sana tangu mtu anisifie kazi yangu. Kama ningeeleza, picha ile isingekuwa na maana tena, na sifa zangu zingeyeyuka palepale. Nikamuuza mzee kwa sifa.

Waliikata picha wakaacha kipande kifupi tu, kinachoanza pale kisu kilipokwisha pita. Bata anatapatapa, mzee amesimama. Wakairudia polepole, wakatia muziki wa huzuni, wakaituma mitandaoni. Hata mimi niliyeipiga, nilipoiona hivyo, nilimwona mtu katili. Uso hauonekani, lakini kofia inaonekana, na yule mguu mfupi anapoondoka. Kufikia adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umemjua.

Watu wa mbali wasiomjua walimtukana matusi ambayo sitayaandika mbele ya Mwajuma. Maofisa wa wanyamapori wakaja wakachukua bunduki na kibali mpaka uchunguzi uishe. Nyumba mbili zilizokuwa na shughuli zikamwita mchinjaji mwingine, zikisema tu kwamba hazitaki maneno. Binti yake aliyeolewa Morogoro akapiga simu akilia, akimuuliza amefanya nini. Mzee Kondo, ambaye alikuwa hamalizi dakika bila utani, akanyamaza. Ijumaa tulikula pamoja kama kawaida. Alikula matonge machache, akanawa, akanitazama na kusema anachoshindwa kuelewa ni jinsi mtu aliyefundwa vile alivyoweza kuona yote yale na asielewe. Nilinawa na mimi.  Nilirudi chumbani nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, nyuki yuko chini yangu, nikatamani ungekuwepo unipige lile kofi.

Mwenyekiti wa mtaa, mama mmoja mwalimu mstaafu, akaziita pande zote mbili ofisini kwake Jumamosi mchana. Bi Anna alinikataza nisiende, kwa usalama wangu. Lakini Mzee Kondo aliniomba nimsindikize. Alisema hataki kukaa peke yake mbele ya watu. Ungefanya nini, Baba? Nilikwenda nikaketi naye benchi moja, bega kwa bega, nikimtazama Bi Anna upande wa pili. Aliponiona alikunja uso, kisha akatazama pembeni, nadhani akiamini nimekwenda kuwapelelezea.

Alianza kuongea Bi Mwanaidi. Alisimama na mwavuli wake akaufungua humohumo ofisini, akasema mwaka wa hamsini na kitu wa maisha yake anaoga kama anavuka barabara wakati wa mvua. Watu wakacheka, hata mwenyekiti. Bi Anna aliomba radhi kwa hilo, na aliomba kwa dhati. Kisha akafungua kompyuta yake na kuonyesha kile kipande. Hapo hakuna aliyecheka.

Mzee Kondo alitazama mpaka mwisho. Akauliza sauti iko wapi.

Bi Anna akamjibu kwamba kifaa hakirekodi sauti.

"Basi hamkunisikia," akasema mzee. "Nilimtaja Mungu kabla sijamkata. Nikangoja roho yake itoke kwa salama. Ningemnyonyoa akiwa hai mngesema nini?"

Watu wakaguna kukubali. Bi Anna akawa mwekundu machoni, lakini hakurudi nyuma, na aliyoyasema aliyasema kwa kuamini. Alisema kwamba yeye si Mwislamu na anaweza kukosea, ndiyo maana hakutaka kuamua peke yake. Alimuuliza mrushaji wake, kijana wa pwani, Mwislamu, mtoto wa watu wanaojua kuchinja. Kama kungekuwa na lolote la ibada pale, kijana huyo angemwambia. Alisema hajui. Hiyo kwake ilikuwa ushahidi.

Mwenyekiti akauliza kijana huyo ni nani. Bi Anna akasema hawezi kumtaja, ameahidi kumlinda.

Baba, alikuwa ananilinda. Na mzee upande wangu alikuwa anatikisa kichwa taratibu, akisema kwa sauti ndogo ya kujisemea kwamba kijana huyo basi hakulelewa. Alikuwa anakusema wewe bila kujua. Nadhani ni hilo lililoninyanyua. Ningependa kukuambia ni haki iliyoninyanyua, lakini nilisimama kwa sababu nilikusikia ukitukanwa kwa kosa langu.

"Mrushaji ni mimi," nikasema. "Nililelewa vizuri. Nilijua kila kitu alichokuwa anakifanya, nikasema sijui."

 Bi Anna aliniuliza kama nilijua tangu siku ile aliponiuliza. Nikasema ndiyo. Akafunga kompyuta. Kisha akasimama akamwendea Mzee Kondo mbele ya watu wote, akainama kama mnavyoinamiwa wazee, akamwomba msamaha, na jioni ile ile akakifuta kile kipande. Lakini watu walikwisha kukinakili, bado kinazunguka huko, na hakuna wa kukirudisha. Mimi aliniambia jambo moja tu mlangoni: kama ningemweleza siku ile angenisikiliza. Naamini kweli angenisikiliza. Hilo linaniuma kuliko kama angenifukuza. Nyuki nilimpelekea mwenyewe kesho yake, na betri zake zote.

Bi Mwanaidi alipita mbele yangu akiukunja mwavuli. Hakupandisha sauti. "Kumbe nilikuwa najikinga na wewe," akasema, akaendelea na safari yake.

 Sikuthubutu kumgeukia Mzee Kondo, lakini nilihisi benchi likilegea upande wake alipoinuka.

Nilikuwa nimehifadhi picha nzima, ile isiyokatwa, tangu bunduki ilipowatimua ndege mpaka alipomfunga bata kamba miguuni. Niliipeleka kwa maofisa wa wanyamapori, nikaandika maelezo kwa jina langu kamili na jina lako. Tulirudishwa na kuitwa tena Jumatatu tatu. Mzee alikuja kila mara, akaketi benchi la ukutani, mimi la dirishani. Jumatatu ya tatu ofisa aliitazama picha yote, akauliza maswali mawili, akamrudishia bunduki na kibali chake. Akamwambia aendelee kuwinda mbali na nyumba za watu, basi.

Nje, kwenye geti, mzee alisimama akanisubiri. Nilifurahi, nakuambia kweli. Nilidhani ataniita mwanangu. Alinipa mkono, akaushika wangu muda mrefu, na macho yake hayakuwa na hasira hata kidogo.

"Nimekusamehe, Rashidi. Kabisa, sina kinyongo. Lakini Ijumaa usije. Nimejaribu kuuambia mkono wangu uingie sinia moja na wako, umekataa."

Akaweka bunduki yake begani, akaondoka kwa ule mwendo wake ambao Tanzania nzima sasa inaujua kwa sababu yangu.

Nimekasirika na mengi maishani, Baba, na ningekuwa na nafuu kama ningeweza kumkasirikia yeye. Siwezi. Hakunitukana, hakunitenga msikitini, tukikutana ananiitikia salamu vizuri. Ni sinia tu. Mtu anaweza kusamehe kwa moyo wote na mwili wake ukakataa, sikuwa najua hilo. Ijumaa natoka mapema kabla watu hawajaanza kushikana mikono, napika wali wa kikombe kimoja, nakula nimesimama dirishani. Nikikaa chini naiona nafasi ya mtu wa pili. Asubuhi bata bado wanapita juu ya bati wakipiga mluzi, na najifunika shuka kichwani.

Nimepata kibarua Pugu, upande wa pili wa jiji, kwenye kitalu cha miche. Wananihitaji mwisho wa mwezi. Huko hakuna anayenijua, na zamani ningeona hiyo ni heri.

Mpe Mama shikamoo yangu, na umwambie anywe ile dawa hata kama ni chungu. Shangazi Somoe, aliyenifundisha juzuu la kwanza, mwambie bado naswali, asiwe na wasiwasi na hilo. Mjomba Salumu pole kwa mpunga wake kuingiliwa na maji. Fundi Hassani, anayekutengenezea gobore, msalimie, na ukiona vyema usimweleze haya, maana yeye hawezi kunyamaza. Mwajuma, wewe asante kwa kusoma bila kuruka. Najua hukuruka.

Baba, sijaomba unisamehe. Najua utasamehe, wewe ni mwepisi wa kusamehe, hata kwa lile kofi uliniomba radhi. Nauliza kitu kingine. Ulinifunda kwa miaka, nami nikayatumia yote uliyonifunda kumvizia mtu aliye kama wewe, halafu nikakaa kula naye. Nikija nyumbani kabla ya kwenda Pugu, Mama akiweka chakula mkekani, utanyoosha mkono sinia moja na mimi? Usimwambie Mwajuma aandike maneno ya kunipoza. Jipime kwanza kama alivyojipima yule mzee, kisha unijibu ndiyo au hapana. Ikiwa ni hapana nitaelewa, ila usinitengee sahani yangu peke yangu. Niambie tu nisije.

Mwanao,
Rashidi